LEZA NA CNC: KILA MASHINE NA KAZI YAKE

Msimu wa kahawa katika Mbozi na Ileje hauna subira. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku hiyo hiyo. Ikilala katika magunia huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha haipati bei nzuri hata ikioshwa kwa maji mengi namna gani. Kwa sababu hiyo, shafti ya mashine ya kumenyea inapokatika, au chekeche lake linapotoboka, jambo hilo si la fundi peke yake. Ni jambo la katibu, la Bodi, na la kila mwanachama mwenye shamba.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja. Kipande kilichovunjika kilipelekwa kwa fundi wa kuchomelea aliye karibu, au kikafungwa katika gunia na kupandishwa basi kwenda kwa mkerezaji Mbeya. Siku hizi makatibu husikia majina mawili mapya, yaani leza na CNC. Wengine huletewa katalogi zenye picha za kuvutia, na wauzaji huwaambia kwamba mashine moja itamaliza shida zote za chama. Kutojua tofauti ya mashine hizi kwaweza kukitia chama hasara ya namna mbili: kupeleka kazi mahali pasipostahili, au, lililo baya zaidi, kutumia fedha za wanachama kununua chombo kisichofaa kazi yao.

KOSA LA MANENO

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. CNC si jina la mashine moja. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuongozwa kwa tarakimu kwa njia ya kompyuta. Fundi huandaa mchoro, kompyuta huugeuza mchoro kuwa orodha ya amri za tarakimu, na mashine hufuata amri hizo hatua kwa hatua. Mashine nyingi za leza nazo huongozwa vivyo hivyo. Hata hivyo, katika karakana wasemapo "CNC" huwa na maana ya mashine zinazokata kwa kisu cha chuma kigumu: ya kukereza, ambayo huzungusha kipande mbele ya kisu, ya kuchonga vyuma, ambayo huzungusha kisu juu ya kipande, na ile ya kuchonga mbao. Basi ulinganisho ulio sahihi ni huu: mashine ikatayo kwa mwanga, na mashine ikatayo kwa kisu.

Kisu ndicho kilichotangulia kuongozwa kwa tarakimu. John T. Parsons, mwenye kiwanda katika jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, kazi iliyodai vipimo vingi mno kwa mkono wa mtu. Wazo lake liliendelezwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu ilionyeshwa ikifanya kazi. Leza ilifuata. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California tarehe 16 Mei, 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alibuni leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwaka 1967 Peter Houldcroft wa Uingereza alikata bamba la chuma kwa leza iliyosaidiwa na mkondo wa oksijeni. Kwa hiyo hakuna uchawi katika mashine hizi. Ni ufundi uliokua kwa zaidi ya miaka hamsini, nao una kanuni zake na mipaka yake.

JINSI LEZA INAVYOKATA

Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba mno. Lenzi huulenga mwanga huo juu ya bamba hata mahali padogo panapoguswa pakayeyuka au kugeuka mvuke. Mkondo wa gesi hupuliza kile kilichoyeyuka kikatoka upande wa chini. Kwa chuma cha kawaida hutumiwa oksijeni, ambayo pia husaidia uchomaji. Kwa chuma kisichoshika kutu hutumiwa nitrojeni, ili ukingo ubaki safi bila weusi.

Kwa kuwa hakuna kisu kinachogusa bamba, hakuna kisu cha kunoa wala cha kubadilisha. Kubadili kazi ni kubadili mchoro tu. Asubuhi mashine yaweza kukata machekeche, mchana maua ya geti, na jioni vibao vya majina. Bamba la kawaida lenye milimita 2,440 kwa 1,220 laweza kupangwa maumbo mengi ya namna mbalimbali, yakakatwa yote kwa mara moja, na mabaki yakawa machache.

Lakini si leza zote zikatazo kitu kile kile. Leza ndogo za gesi ya kaboni dayoksaidi, zenye nguvu ya wati 60 hadi 150, hukata plaiwudi, ngozi, nguo na plastiki ya akriliki; hazifai kwa mabamba ya chuma. Leza ya nyuzi za kioo ndiyo ya vyuma. Yenye nguvu ya kilowati 1 hukata bamba la chuma cha kawaida la milimita 6 bila taabu, na zenye nguvu zaidi hukata nene zaidi. Lakini leza hiyo ya vyuma haifai kukata mbao. Katibu anayeambiwa kwamba mashine moja ndogo itakata mbao na chuma kinene kwa uzuri ule ule, na aombe kuonyeshwa kwanza.

Mpaka mkubwa wa leza ni kwamba hukata bapa. Hutoa umbo kutoka katika bamba, basi. Haiwezi kuchimba shimo lenye kina maalumu katika pande la chuma, wala kukereza shafti, wala kutia hesi ndani ya tundu.

JINSI CNC INAVYOKATA

Mashine ya kisu huondoa chuma au mbao kidogo kidogo mpaka umbo linalotakiwa libaki. Kwa sababu kisu chaweza kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, mashine hii hufanya kazi yenye kina: mkao wa beringi, njia ya ufunguo katika puli, hesi za bolti, meno ya gia. Usahihi wake ni mkubwa. Mashine nzuri yenye fundi mzuri hushika kipimo kwa tofauti ya sehemu chache za mia za milimita, ilhali leza kwa kawaida huhesabiwa kwa sehemu za kumi. Beringi ikikaa mahali palipolegea kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, itacheza, itapata moto, na itakufa kabla ya msimu kwisha.

Gharama ya usahihi huo ni muda. Kipande chapasa kufungwa imara, visu kuchaguliwa, amri kuandaliwa na kujaribiwa. Hapa pana jambo ambalo wauzaji hulisahau. Kama chama chahitaji shafti moja tu, mkerezaji hodari mwenye mashine ya kawaida ya mkono huenda akaimaliza kabla fundi wa CNC hajamaliza kuandaa amri zake. Faida ya CNC huonekana pale shafti zinapokuwa hamsini, na zote zatakiwa kufanana.

VIPANDE VYA MASHINE YA KUMENYEA

Tuichukue mashine ya kumenyea kahawa iliyofunguliwa na kuwekwa juu ya meza, na tugawe kazi zake.

Shafti ni kazi ya kukereza. Mikao ya beringi na njia ya ufunguo wa puli ni kazi ya kisu. Chekeche linalotenga kahawa isiyomenywa, mabamba ya ubavuni, vifuniko na mikono ya kushikia ni kazi ya leza, kwa kuwa vyote hutoka katika bamba. Gurudumu la mnyororo lenye meno laweza kushirikisha zote mbili: meno hukatwa kwa leza kutoka bamba nene, kisha tundu la katikati, ambalo leza imeliacha dogo kidogo, hupanuliwa kwa kisu mpaka lifike kipimo kamili.

Iko kazi isiyo ya leza wala ya CNC. Bamba la shaba linalofunika ngoma ya mashine lina vinundu vilivyotokeza, navyo ndivyo vinavyokamua ganda la kahawa. Leza haitokezi nundu. Kazi hiyo ni ya kugonga kwa kalibu. Vivyo hivyo, chekeche la kawaida la matundu maelfu, lenye kipimo kinachopatikana madukani, mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu likiwa limetobolewa kiwandani kwa mashine ya kugonga. Leza hutoboa tundu moja moja. Tukisema kwamba kila tundu huchukua sekunde 2, chekeche la matundu 3,000 litachukua sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40, na saa hiyo ya mashine hulipiwa. Leza ifaa zaidi pale kipimo kinachotakiwa hakipatikani dukani, au umbo la chekeche ni la pekee.

SEHEMU NNE ZA KUMI ZA MILIMITA

Wapo wanachama wanaodhani kwamba kusema juu ya sehemu za milimita ni mambo ya wahandisi. Hebu watazame kahawa yao. Machekeche ya kupanga madaraja ya kahawa huhesabiwa kwa sehemu ya 64 ya inchi. Namba 18, inayoshika punje kubwa za daraja la AA, ina tundu la milimita 7.14. Namba 17, inayoshika daraja la A, ina tundu la milimita 6.75. Tofauti ya daraja na daraja ni sehemu nne tu za kumi za milimita.

Sasa tuseme chama kimeagiza chekeche dogo la namba 18 la kupimia sampuli ghalani. Mwanga wa leza nao una upana wake, na njia unayoikata yaweza kuwa na upana wa milimita 0.2. Mchoraji akisahau kuuondoa upana huo katika hesabu zake, mwanga ukapita juu ya mstari wa duara badala ya kupita ndani yake, kila tundu litakuwa kubwa kwa milimita 0.2. Hiyo ni nusu ya tofauti ya daraja na daraja. Punje zilizostahili kubaki juu zitaanguka chini. Katibu ataandika katika daftari kwamba AA ni kidogo, mwanachama ataamini kwamba shamba lake limeharibika, na mazungumzo na mnunuzi yataanza chama kikiwa kimekwisha kujipunguzia. Hakuna aliyeiba, lakini mkulima amepunjwa.

Dawa yake si ngumu. Chekeche likipokewa, lipimwe kwa kalipa katika matundu kumi ya sehemu mbalimbali kabla ya kulipiwa, na vipimo viandikwe.

MBAO NA MILANGO

Kwa vikundi vya maseremala wa Tunduma, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Zambia na wanunuzi hutoka pande zote mbili za mpaka, swali huwa jingine. Mlango wa mninga wenye maua yaliyochongwa kwa kina ni kazi ya CNC ya mbao. Leza ingeunguza ukingo, na kina kingekuwa kidogo. Lakini herufi ndogo juu ya ubao, nembo ya chama juu ya ngao, au maua membamba ya plaiwudi, leza ndogo huvifanya kwa uzuri kuliko kisu. Kisu ni duara. Hakiwezi kuacha pembe kali ya ndani, bali huacha mviringo ulio sawa na nusu ya upana wake. Mwanga ni mwembamba, hivyo hupita hata penye pembe ndogo.

HATARI ZAKE

Kila mashine ina hatari yake, na Bodi inayoingiza mashine katika jengo la chama hubeba wajibu wake.

Mwanga wa leza ya vyuma hauonekani kwa macho, nao hupofusha hata ukiwa umerudishwa na bamba linalong'aa. Mashine isiyo na kifuniko isiruhusiwe, na miwani iwe ile iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya leza. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji, isikatwe kwa leza hata kidogo. Hutoa moshi wenye asidi ya klorini, unaodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe. Leza ikatayo mbao isiachwe peke yake, kwa maana moto huanza kwa dakika moja.

Katika mashine ya kisu, hatari ni kile kinachozunguka. Mikono mirefu ya shati, kamba za shingoni na hata glovu huvutwa na kisu pamoja na mkono uliomo. Macho yakingwe na vipande vya chuma vinavyoruka.

KUNUNUA KAZI AU KUNUNUA MASHINE

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Chama chaweza kununua kazi, yaani kupeleka mchoro na kulipa, au chaweza kununua mashine. Hesabu ifuatayo ina tarakimu za mfano tu, lakini njia yake yafaa kwa chama chochote.

Tuseme mashine imenunuliwa kwa shilingi 60,000,000, na yatarajiwa kudumu miaka 5. Uchakavu wake ni shilingi 12,000,000 kwa mwaka, iwe imefanya kazi au imelala. Ikiwa chama kina kazi ya saa 200 tu kwa mwaka, kila saa itabeba shilingi 60,000 kabla ya kulipia umeme, gesi, mshahara wa fundi na vipuri. Ikiwa kazi ni ya saa 1,500, kila saa itabeba shilingi 8,000. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi. Chama cha msingi kimoja chenye mashine za kumenyea mbili au tatu si rahisi kifikishe saa hizo. Kununua katika hali hiyo ni kufuga ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Kabla ya jambo hili kuletwa mbele ya mkutano mkuu, Bodi ijibu maswali haya kwa maandishi:

1. Ni vipande gani, na vingapi kwa mwaka, vitakavyotengenezwa?
2. Je, jengo lina umeme wa njia tatu, na umeme ukikatika katikati ya kazi ni nani atakayelipa bamba lililoharibika?
3. Gesi, lenzi na visu vitapatikana wapi, na kwa siku ngapi?
4. Fundi atakayeitengeneza mashine yuko wapi? Yuko Mbeya, Dar es Salaam, au ng'ambo?
5. Ni mwanachama au mwajiriwa gani awezaye kuchora kwa kompyuta, na akiondoka nani atashika nafasi yake?

Maswali hayo yasipojibiwa, mashine haijawa tayari kuingia katika makisio ya mwaka. Ieleweke pia kwamba, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, kukopa kwa ajili ya ununuzi huo hakuwezi kuvuka ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Ahadi ya muuzaji haiondoi wajibu huo.

NJIA YA PAMOJA

Njia iliyo salama kwa vyama vingi ni kununua kazi, na kuinunua kwa pamoja. Vyama vitano vikileta mahitaji yao kabla ya msimu, bamba moja laweza kujaa vipande vya wote, na shafti zilizokuwa moja moja zikawa kumi, idadi inayoanza kumfaa fundi wa CNC. Kwa ushauri wa ufundi, vyama viulize kwanza kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na kwa CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi vijijini.

Katibu anayeagiza kazi asipeleke maneno matupu. Apeleke kipande cha zamani kama kipo, mchoro wenye vipimo, aina na unene wa chuma, idadi, na kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupungua au kuzidi. Kwanza kitengenezwe kimoja, kifungwe katika mashine, kijaribiwe, vingine vifuate. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya kupima.

Na lipo jambo moja lisilogharimu kitu, nalo husahauliwa na wengi. Chama kikilipia mchoro, kidai nakala yake. Faili la mchoro lihifadhiwe katika ofisi ya chama, na nakala nyingine ipelekwe Muungano, pamoja na karatasi ya vipimo iliyosainiwa. Karakana yaweza kufungwa na fundi aweza kuhama, lakini chama chenye mchoro wake hakianzi upya. Shafti ikikatika mwezi wa Julai, kahawa ikiwa imejaa mlangoni, katibu atakuwa na la kutuma jioni ile ile, na wanachama hawatakesha wakiitazama kahawa yao ikichacha.